Mimba ya wiki 27: miguu inavimba, kifua kinawaka, na vidonge vya damu nimeviacha

SWALI: Shikamoo mkunga. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 27. Nachuma chai huku Mufindi. Jioni miguu inavimba hadi mabuti hayavuliki, usiku kigimbi kinakaza naamka nikilia, na nikilala kifua kinawaka moto. Vidonge vya damu nilikuwa nameza asubuhi na chai ya rangi, vikanifunga choo, tena choo chenyewe cheusi tii, nikaviacha wiki tatu sasa. Kliniki ya mwisho damu ilikuwa 10.2, presha 110/70. Mama mkwe ananipa maji ya magadi kwa ajili ya kiungulia, na anasema kuvimba ni dalili ya mtoto wa kiume. Lipi ni la kawaida na lipi si la kawaida?

JIBU: Marahaba, na kamwene dada. Umefanya vizuri kuandika na namba zako, wengi huandika tu "damu ni ndogo." Nitaanza na lile ulilolitaja kama la pembeni, maana ndilo lililonishtua kuliko miguu: vidonge ulivyoviacha.

Mwili wako hivi sasa unaongeza damu. Ukifika wiki ya 32 hadi 34, damu inayozunguka mwilini itakuwa imezidi ile ya kabla ya mimba kwa asilimia 40 hadi 50. Kinachotangulia kuongezeka ni maji ya damu. Chembe nyekundu zinafuata nyuma polepole. Ndiyo maana karibu kila mjamzito kipimo chake hushuka kidogo katikati ya mimba. Damu imezimuliwa, kama uji ulioongezwa maji sufuria likiwa bado jikoni. Ila kushuka huko kuna mpaka. Chini ya 11 (gramu za hemoglobini, yaani rangi nyekundu ya damu, kwa kila desilita) tunasema damu imepungua, na kwa miezi mitatu ya katikati tunavumilia hadi 10.5. Wewe una 10.2.

Tena uko Mufindi. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili wa mkazi wa milimani huzoea kutengeneza chembe nyekundu nyingi kuliko wa mtu wa pwani. Kwa hiyo 10.2 ya Mufindi au Makete haiko sawa na 10.2 ya Dar es Salaam. Ukiondoa ile nyongeza ya mlima, yako iko chini kuliko inavyosomeka kwenye kadi. Si ya kukulaza hospitali, lakini vidonge kwako si hiari. Mimba nzima inahitaji karibu miligramu 1,000 za madini ya chuma, ilhali chakula cha siku nzima, hata kikiwa kizuri, kinakuachia miligramu chache tu zinazoingia kwenye damu kweli.

Sasa kwa nini vilikufunga choo? Kuna homoni iitwayo projesteroni, ambayo kazi yake mojawapo ni kulegeza misuli ya mfuko wa uzazi usije ukabana kabla ya wakati. Bahati mbaya homoni hii haichagui: ikilegeza mfuko wa uzazi inalegeza na utumbo. Chakula kinatembea polepole, utumbo mpana unapata muda mwingi wa kufyonza maji, choo kinabaki kikavu. Juu ya hapo, chuma kisichofyonzwa hubaki tumboni, hukaza choo zaidi na kukipaka rangi nyeusi. Weusi huo si damu wala si sumu. Wa kukimbiza hospitali ni choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hasa kikija na kizunguzungu.

Hapo ndipo chai ya rangi inapoingia. Majani ya chai yana tanini, na tanini hukamata chuma tumboni kabla hakijafyonzwa. Kikombe kimoja cha chai pamoja na chakula kinaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma kinachopatikana kwenye maharage au mboga. Kwa maneno mengine, ulikuwa unameza kidonge, chai inakishika, kinateremka hadi chini bila kukusaidia, kisha kinakufunga choo. Umelipa gharama yote na mzigo hukuupata. Kahawa ya Mbozi nayo hufanya vivyo hivyo, maziwa pia yanazuia kwa kiasi chake.

Vianze tena leo, ila ubadilishe saa. Ukishatoka shambani na chakula cha mchana kimeshapita saa tatu au zaidi, tuseme saa 11 jioni, meza kidonge kimoja kwa maji glasi nzima, kisha ule chungwa moja au pera. Vitamini C iliyomo humo hufungulia chuma njia. Chai isikaribie saa moja kabla na saa mbili baada. Ukisikia kichefuchefu, kula kipande cha kiazi au ndizi pamoja na kidonge. Utapoteza chuma kidogo, lakini ni afadhali kuliko kuacha. Usimeze viwili kufidia wiki ulizoruka. Kliniki wakiona inafaa wataongeza dozi wenyewe, kwa hiyo waambie ukweli kwamba uliacha. Wajawazito wengi hujibu "nameza," mhudumu anaandika "anameza," halafu damu isipopanda watu wanaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Ukimeza sawasawa, baada ya wiki 4 tunatarajia kipimo kipande kwa karibu 1. Kisipopanda, hapo ndipo tunauliza habari za minyoo, malaria na mengineyo.

Kuhusu choo chenyewe. Kinachowakwamisha wachumaji wengi, na hawasemi, ni kwamba hawanywi maji kwa sababu shambani hakuna pa kujisitiri. Baridi nayo inakunyima kiu. Unahitaji lita 2 hadi 2 na nusu kwa siku. Nenda na chupa ya lita moja na nusu, iishe kabla ya mizani ya mwisho ya kupimia majani, na mpange na wenzako mahali pa kwenda haja. Badilisha sembe kwa dona. Kula nusu parachichi kila siku. Msimu ukifika mko nayo hadi yanaoza chini ya miti, na ni tunda lenye nyuzinyuzi kuliko mengi. Figiri, maharage na ndizi mbivu viwepo. Asubuhi baada ya kula nenda chooni hata kama hujabanwa, kaa dakika kumi bila kusukuma, maana utumbo huamka wenyewe chakula kinapoingia. Siku tatu zikipita bila choo, omba kliniki dawa ya maji ya laktulosi, ni salama kwa mjamzito. Mafuta ya nyonyo usiguse kabisa. Yanachokoza utumbo na mfuko wa uzazi pamoja.

Hukutaja udongo wa kutafuna na sikutuhumu, lakini wenye damu pungufu mara nyingi huupenda. Kama unao kwenye mfuko wa aproni, ujue nao unakamata chuma kama chai, na waweza kuwa na mayai ya minyoo.

Tuje kwenye kiungulia na magadi. Kati ya umio na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Projesteroni imeulegeza, na mfuko wa uzazi, ambao kwa wiki zako umeshapita kitovu, unasukuma tumbo kuelekea juu. Ukilala chali baada ya ugali mwingi, tindikali inapanda. Mama mkwe hakukosea kwamba magadi yanatuliza, maana kweli yanaua tindikali. Ubaya wake ni mwingine. Yana sodiamu nyingi, na sodiamu inashikilia maji mwilini wakati wewe tayari unavimba. Yanatoa gesi inayolijaza tumbo, ikiisha tindikali inarudi. Na yale ya sokoni hayana kipimo, yana chumvi nyingine ndani yake ikiwemo floridi. Hata soda ya unga ya kuumulia maandazi iko kundi hilohilo. Kumkatalia mama mkwe uso kwa uso ni kazi. Mwambie kliniki wamekupa dawa ya kiungulia na hairuhusiwi kuchanganywa na magadi. Si uongo, maana dawa hiyo utaipata.

Dawa yenyewe ni vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, vinapatikana zahanati na duka la dawa kwa bei ndogo. Kimoja au viwili saa moja baada ya kula, na wakati wa kulala. Sharti ni moja: visikutane na kidonge cha damu, vipishane angalau saa mbili. Ukipanga kidonge cha damu saa 11 jioni, chakula saa 1 usiku na cha kutafuna saa 3, havitagombana. Ila kabla ya dawa, rekebisha kula na kulala. Gawanya chakula kiwe kidogokidogo mara tano. Cha usiku kiishe saa mbili au tatu kabla ya kupanda kitandani. Na inua kichwa cha kitanda, siyo mto: weka tofali chini ya miguu miwili ya kichwani, sentimita 15 hadi 20. Mito ukiirundika unakunja kiuno na kuliminya tumbo, kiungulia kinazidi, halafu watu husema njia hii haifai.

Lala kwa ubavu, wa kushoto ukiweza, hasa kuanzia wiki ya 28 ambayo ni wiki ijayo kwako. Ukilala chali mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Presha inashuka, unasikia kizunguzungu, na mtoto anapata damu kidogo. Ukijikuta umeamka chali usihangaike, geuka tu.

Miguu sasa. Mwili wa mjamzito hubeba lita kadhaa za maji ya ziada, na mfuko wa uzazi unakandamiza mishipa ya nyonga inayopandisha damu kutoka miguuni. Ukiwa umesimama kwenye mstari wa chai tangu alfajiri, maji yanatuama chini. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu wako, juu kidogo ya kifundo, hesabu hadi tano, achia. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Ukiamka asubuhi kishimo hakipo au kimepungua sana, na uvimbe ni wa miguu yote miwili sawasawa, hiyo ni ya kawaida. Ukifika nyumbani vua mabuti, lala kwa ubavu, miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, nusu saa. Shambani, kila mara unapongojea mizani, inua visigino na kuvishusha mara ishirini. Kigimbi ndiyo pampu inayopandisha damu. Mabuti yawe makubwa kwa namba moja, soksi zisiwe na raba inayoacha alama. Usipunguze maji ya kunywa ukidhani utapunguza uvimbe, na usinunue dawa ya kukojosha. Damu itakuwa nzito na mtoto ndiye atakayeumia.

Habari ya mtoto wa kiume niiache. Ningependa mama mkwe ajue jambo jingine kuhusu uvimbe, na umsomee hapa. Uvimbe ukihamia usoni na mikononi, pete ikagoma kutoka, macho yakaamka yamejaa, au uzito ukaruka kilo nzima au zaidi ndani ya wiki moja, hiyo siyo miguu ya kusimama. Inaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Huanza baada ya wiki ya 20, na wajawazito wa mimba ya kwanza ndio wanaopatwa zaidi. Dalili nyingine ni kichwa kuuma sana na paracetamol haikitulizi, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu makali chini ya mbavu za kulia au chembe cha moyo ambayo wengi hudhani ni kiungulia tu. Presha ikifika 140/90 tunaanza kuhangaika. Ikifika 160/110 ni dharura. Hiyo 110/70 yako ni nzuri, lakini ni ya siku ile uliyopimwa. Kifafa cha mimba hakingoji tarehe ya kliniki, kinaweza kujijenga ndani ya siku chache. Ukiona dalili hizi nenda siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku na barabara ni tope.

Na mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa wa moto, unauma kigimbini, huo usikandwe wala kuchuliwa. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na kuuchua ni kulisukuma bonge liende kwenye mapafu. Hospitali.

Kigimbi kukaza usiku ni jambo jingine, na linatisha kuliko lilivyo. Kikikushika usirukeruke. Kaa kitandani, nyoosha goti, kisha vuta vidole vya mguu kuelekea usoni kwako, wewe mwenyewe kwa kanga iliyozungushwa chini ya unyayo au mumeo kwa mkono. Shikilia hadi kiachie, kama nusu dakika. Usinyooshe vidole kwenda mbele kama mcheza ngoma, hapo kinakaza zaidi. Kikiachia, pasha kwa kitambaa cha maji ya moto, tembea kidogo chumbani. Kila usiku kabla ya kulala simama umbali wa hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, egemea mbele visigino vikiwa vimegusa sakafu, hesabu thelathini, mara tatu. Vaa soksi, baridi ya Mufindi ya Juni na Julai inajua kuamsha vigimbi. Dagaa wa kula na mifupa, maziwa (mbali na kidonge cha damu) na maharage vinasaidia kuleta kalsiamu na magnesiamu.

Ukizungumzia baridi: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Moshi usioonekana wa mkaa huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtoto aliye tumboni anaumia kabla yako. Ota moto nje, jiko libaki huko.

Mengine utakayokutana nayo nayataja kwa haraka. Kuhema unapopanda kilima ni kawaida, projesteroni inauambia ubongo upumue zaidi na kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, kimesukumwa juu. Kuhema ukiwa umekaa tu, au moyo kwenda mbio na midomo kupauka, ni damu au moyo. Mstari mweusi tumboni na madoa usoni hufifia baada ya kujifungua. Kuwashwa ngozi ya tumbo inayotanuka ni sawa, ila kuwashwa viganja na nyayo usiku bila upele ni ini, nenda ukapimwe. Ute mweupe usionuka hauna shida. Mkojo unaochoma una shida. Mgongo ukiuma meza paracetamol, siyo diklofenaki wala ibuprofeni hata kama muuza duka anakusihi. Baada ya wiki ya 20 dawa hizo zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Na ulanzi, pombe ya mianzi, uuache: hata ule mtamu wa asubuhi unaoitwa mtogwa umeshaanza kuchachuka ulipokuwa bado kwenye mbeta, chombo cha mwanzi cha kuukingia.

Mtoto kwa wiki zako anacheza kila siku, na utakuwa umeshajua saa zake. Siku akipunguza kuliko kawaida yake, lala ubavu wa kushoto ukiwa umetulia kwa saa mbili umsikilize. Akiwa bado kimya, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Damu yoyote ukeni, maji kumwagika, au tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, ni safari ya hospitali vilevile.

Nimalizie na kikapu, kwa sababu miguu na mgongo wako vinategemea hilo kuliko dawa yoyote. Jaza nusu, pima mara nyingi zaidi. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo. Beba ya lita 10 mara mbili au mwache mwingine. Mstari uliopuliziwa dawa usiuingie. Na muone msimamizi wako wiki hii hii, usingoje tumbo liwe kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo ukiwa umeshamtumikia miezi 6. Lakini inataka umpe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha mganga. Wewe uko wiki ya 27, zimebaki 13. Kwa hiyo ukienda kliniki kupima damu upya, omba wakupime na presha, omba mkojo wako upimwe protini, na usiondoke bila hicho cheti.